SUMAKU INAYOPIMA MAJI YA CHAI

Ukisikia neno "nyuklia" bila shaka akili yako inakimbilia bomu la Hiroshima. Hebu tulia kidogo. Nyuklia ninayotaka kukueleza hailipuki wala haimchomi mtu. Kazi yake ni kupima maji tu, na huku kwetu Kericho na Bomet maji ni pesa.

Sisi watoto wa wakulima wa chai tunajua kwamba jani bichi limejaa maji. Katika kilo 100 za majani mabichi, kilo 75 hadi 80 ni maji. Yakifika kiwandani, iwe ni Litein, Kapkoros au Mogogosiek, majani hunyaushwa, hukatwakatwa, huachwa yabadilike rangi, kisha hukaushwa mpaka maji yabaki kama asilimia 3. Ndiyo maana kilo nne na nusu hivi za majani hutoa kilo moja tu ya chai.

Hapo ndipo penye kazi. Maji yakibaki mengi, chai yaweza kuota ukungu ghalani. Ikikaushwa kupita kiasi, inaungua na ladha inaharibika. Ikifika mnada wa Mombasa na kuuzwa bei ya chini, anayeumia si kiwanda peke yake. Bonasi ya mama anayeamka alfajiri kuchuma kwenye umande inapungua, na karo yangu inatoka humo humo!

Njia ya kawaida ya maabara ni kupima chai kidogo kwenye mizani, kuitia katika joko lenye joto la nyuzi 103 za Selsiasi, halafu kuipima tena. Uzito uliopungua ndio maji. Njia hii inaaminika, lakini inachukua masaa, na huku nyuma mashine ya kukaushia inaendelea tu kumwaga chai.

Sasa tuje kwenye sumaku. Njia yenyewe inaitwa rezonansi ya sumaku ya nyuklia. Felix Bloch na Edward Purcell waliitangaza huko Marekani mwaka wa 1946, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1952. Kila molekuli ya maji ina atomi mbili za haidrojeni, na kiini cha kila moja ni kama kisumaku kidogo. Chai ikiwekwa ndani ya sumaku kubwa, visumaku hivyo hujipanga. Kisha hurushiwa mawimbi ya redio. Mfikirie mtoto kwenye bembea: ukimsukuma kwa mpigo wake anapaa, ukikosea mpigo, wapi! Viini navyo huitikia mpigo wao tu, kisha hutoa ishara. Haidrojeni ikiwa nyingi, ishara huwa kubwa.

Pengine utauliza, je, jani kavu lenyewe halina haidrojeni? Inayo, lakini ishara yake hufifia upesi sana, ilhali ile ya maji hukawia. Kwa hiyo mashine hutenganisha hizo mbili, na jibu hupatikana upesi bila kuiharibu chai. Ila kwanza lazima irekebishwe kwa chai iliyokwisha kupimwa kwa joko.

Mashine ndogo za namna hii, za kukaa mezani, hutumiwa kupima mafuta na maji katika mbegu kama alizeti. Ile ya MRI hospitalini ni ndugu yao.

Basi wenzangu mnaokimbia fizikia, kumbukeni kwamba imo hata ndani ya kikombe cha chai. Someni!