Ngoma ya Watoto Sasa Inakesha

Wahenga walisema ngoma ya watoto haikeshi. Walikuwa na maana ya kwamba shughuli ya wasiojua mambo haidumu. Punde itavurugika, nao watoto watarudi nyumbani kulala. Sisi tuishio Kiembeni na kwingineko katika bara la kaskazini ya Mombasa twajua jinsi methali hiyo ilivyopata mtihani mzito. Katika baadhi ya misiba ya Pwani hukodiwa spika kubwa, huitwa mcheza santuri, na vijana hucheza mpaka alfajiri, wakiwamo wanafunzi waliopaswa kuwa vitandani. Ndiyo hiyo disko matanga, iliyoota mizizi hasa Kilifi na Kwale, japo mipaka ya kaunti haizuii mdundo wa besi.

Kila tunapolizungumza jambo hili na walimu wenzangu, husikia kauli mbili. Ya kwanza, kwamba kukesha kwa mdundo wa mashine ni uovu wa Wazungu walioshiba. Ya pili, kwamba dawa yake ni marufuku. Naomba ruhusa ya kutofautiana nao, na ili nieleweke yanipasa kuanzia mbali kidogo, katika mji wa Chicago, Marekani.

Mwaka 1977 ulifunguliwa huko ukumbi wa dansi ulioitwa Warehouse, yaani ghala. Mcheza santuri wake mashuhuri alikuwa Frankie Knuckles, kijana mweusi aliyetoka New York. Wateja wake wengi walikuwa Wamarekani Weusi na watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wengi wao mashoga. Watu ambao milango mingi ya mji ilifungwa mbele yao. Pombe haikuuzwa. Watu walikunywa maji na sharubati, wakacheza hadi kuche. Inaaminika kwamba jina la muziki wa hausi lilikatwa kutoka jina la ukumbi huo.

Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park mjini humo humo, shehena ya santuri za disko ililipuliwa kwa baruti mbele ya maelfu ya watazamaji walioshangilia. Haukupita muda, kampuni kubwa za muziki zikaipa disko kisogo. Vijana wa Chicago hawakuwa na bendi wala fedha za studio, basi wakageukia mashine. Kampuni ya Roland ya Japani ilikuwa imetengeneza chombo kidogo kiitwacho TB-303, kilichokusudiwa kuiga gitaa la besi. Hakikuiga vizuri, wanunuzi wakakikimbia, na baada ya miaka michache kiwanda kikaacha kukitengeneza. Vikawa vinapatikana kwa bei ya chini vikiwa vimetumika. Kundi la Phuture likakipata, likavizungusha vifundo vyake mpaka kikatoa mlio ambao mafundi wa Japani hawakuukusudia, na mwaka 1987 likatoa santuri iitwayo Acid Tracks. Mwanafunzi anisomaye na aliweke hili akilini: sanaa iliyoenea dunia nzima ilipata mlio wake katika chombo ambacho soko lilikwisha kukitupa.

Mwaka 1988 mdundo huo uliwateka vijana wa Uingereza. Walikesha katika maghala matupu na mashambani, na mikesha hiyo ikaitwa reivu. Vidonge vya kulevya vikaingia humo, na wapo vijana waliokufa. Mwezi Mei 1992 zaidi ya watu 20,000 walipiga kambi katika uwanda wa Castlemorton. Serikali ikatunga sheria mwaka 1994, ikawapa polisi uwezo wa kutawanya mikesha ya nje ya watu 100 au zaidi iliyochezwa kwa muziki wenye midundo inayojirudia. Je, vijana waliacha kucheza? Hawakuacha. Waliingia katika kumbi zenye leseni, na muziki ukawa biashara kubwa kuliko awali.

Hata jirani zetu wa Dar es Salaam wamepita njia hiyo. Katika mitaa ya watu wa kipato kidogo, vijana walichukua vinanda vidogo vya Casio wakavipigia mchiriku. Kundi la Jagwa lilianza kazi hiyo mwaka 1992. Mchiriku ukachangia kuzaliwa kwa singeli, ambayo huenda kwa mapigo 200 na zaidi kwa dakika, ilhali hausi haizidi sana 120. Singeli ilikulia katika sherehe za mitaani za usiku kucha, vigodoro, ambazo wakuu wa serikali walizipiga marufuku. Mwaka 2017 santuri ya Sounds of Sisso, iliyotolewa na kampuni ya Kampala iitwayo Nyege Nyege Tapes, iliipeleka singeli hadi kwenye kumbi za Ulaya.

Na kukesha kwenyewe ni jambo la kale kwetu. Wamijikenda walicheza ngoma matangani kabla ya umeme kufika Pwani. Mwishoni mwa karne ya 19 ilizuka ngoma ya Beni hapa Mombasa na Lamu, ikiiga bendi za kijeshi za Wazungu, na vyama vya Kingi na Scotchi vikashindana mjini. Lakini Beni ilikuwa na vyeo, wakuu na walezi. Kila ngoma ilikuwa na mwenyewe, mtu mzima aliyejulikana kwa jina, aliyeweza kuulizwa asubuhi mtoto wa fulani amelala wapi.

Hapo ndipo ulipo msiba wetu. Katika disko matanga spika ina mwenyewe, jenereta ina mwenyewe, lakini watoto hawana. Wafiwa wamelemewa na majonzi na gharama za mazishi, na wazee wamekwenda kulala. Wasichana wa shule hurudi na mimba, na wengine hudhulumiwa gizani. Sitetei hata chembe ya hayo, na anayemdhuru mtoto astahili mkono wa sheria. Ninachosema ni kwamba marufuku huondoa spika tu. Haimleti mlezi, na kwa kuwa haimleti, spika huhamia kijiji cha pili.

Nawaomba basi walimu wenzangu wa Kisauni tufanye yaliyo ndani ya uwezo wetu. Tufungue kumbi za shule zetu Jumamosi alasiri, mdundo upigwe mchana, milango iwe wazi na mwalimu awepo. Mwenye simu au kompyuta afundishwe kutunga mapigo yake mwenyewe, kwa kuwa ujuzi huo umewalisha vijana wa Chicago na wa Manzese. Nanyi wanafunzi, msikubali kuitwa washenzi kwa sababu ya kupenda mdundo, wala msikubali kuchezeshwa na mtu asiyejali mtafikaje nyumbani. Wazazi nao wajue kwamba mwenye ngoma hatoki ng'ambo. Lazima awe mmoja wetu, naye akubali kukosa usingizi.