Bei Isiyojulikana: Ujasiriamali Unavyofanya Kazi Uyole

Nchini Tanzania karibu kila anayejiajiri huitwa mjasiriamali, awe anauza vitunguu pembeni mwa barabara au anamiliki mtambo wa kusindika maziwa, na Serikali iliyatia nguvu matumizi hayo Desemba 2018 ilipoanza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kwa shilingi 20,000 kila kimoja, kwa wafanyabiashara ambao mauzo yao hayakuzidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Hakuna ubaya katika kuwaheshimu watu hao, ambao wanalisha familia zao bila mshahara wa mtu. Hata hivyo, anayetaka kuelewa kwa nini ujasiriamali una umuhimu kwa uchumi mzima, na si kwa tumbo la mwenye biashara peke yake, analazimika kutumia kipimo kikali zaidi, kwa kuwa genge la kumi katika mtaa wenye magenge tisa huongeza mshindani bila kuongeza mnunuzi hata mmoja.

Kipimo hicho kimekuwapo kwa muda mrefu. Richard Cantillon, mfanyabiashara mwenye asili ya Ireland ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1755, miaka 21 baada ya kifo chake, alimtambua mjasiriamali kuwa ni mtu anayenunua kwa bei anayoijua na kuuza kwa bei asiyoijua. Mwaka 1921 Mmarekani Frank Knight alilichambua wazo hilo kwa kutenganisha hatari inayopimika, yaani ile ambayo kampuni ya bima inaweza kuikokotoa kutokana na kumbukumbu za miaka mingi, na mashaka yasiyopimika, ambayo hayana kumbukumbu za kuyakadiria. Kwa maoni yake, faida ya kweli ni ujira wa yule anayekubali kuyabeba mashaka hayo ili wengine wapate uhakika.

Ni vigumu kupata mahali panapoidhihirisha nadharia hiyo vizuri kuliko Uyole. Eneo hili la mashariki mwa Jiji la Mbeya ni njia panda, ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kuelekea Tunduma na Zambia hukutana na barabara inayoteremka Tukuyu na Kyela hadi mpaka wa Malawi pale Kasumulu, na viazi mviringo kutoka miinuko ya Uporoto na upande wa Kitulo hupitia hapo vikienda kwenye miji ambayo chipsi zimekuwa chakula cha kila siku. Mfanyabiashara anayenunua mzigo shambani anajua alichomlipa mkulima, anajua gharama ya lori, ushuru wa halmashauri na ujira wa wapakiaji. Asichokijua ni malori mangapi mengine, kutoka Njombe, Iringa au Lushoto, yatakayoingia sokoni Dar es Salaam usiku uleule, zaidi ya kilometa 800 kutoka alipo. Viazi navyo havimsubiri, kwa sababu vikipigwa na jua hugeuka kijani na kuwa vichungu, na vikiloa huoza magunia yakiwa bado juu ya gari. Simu ya mkononi imempunguzia mashaka bila kuyaondoa, maana bei iliyokubaliwa jioni kwa simu huweza kuwa imekwisha kuanguka kabla lori halijapita Mikumi.

Kwa hiyo sehemu ya tofauti kati ya bei ya shambani na bei ya mjini, ambayo wakulima wengi huiita unyonyaji, ni malipo halali ya mashaka hayo. Sehemu tu, kwa sababu nyingine hutokana na lumbesa, na hapa inafaa kuangalia kwa karibu jinsi gunia linavyofungwa. Kwanza hujazwa mpaka mdomoni. Kisha viazi hupangwa kimoja kimoja juu ya ukingo, vikubwa vikizunguka nje na vidogo vikijaza katikati, huku kamba ikisukwa kama wavu na kuvutwa mpaka kichwa kilichochomoza kisimame imara bila kumwaga hata kiazi kimoja. Ni kazi ya ufundi, na wafungaji wake hulipwa kwa ufundi huo. Sheria ya Vipimo, inayosimamiwa na Wakala wa Vipimo, hairuhusu ufungashaji huo na huweka kilo 100 kuwa ukomo wa gunia, lakini shambani bei hutajwa kwa gunia na si kwa kilo. Kwa mfano wa kukadiria tu, gunia la kilo 100 likiuzwa shilingi 60,000, mkulima hupata shilingi 600 kwa kilo. Likifungwa lumbesa ya kilo 130 kwa bei ileile, hupata takriban shilingi 460, na kilo 30 huondoka bure.

Anayepata faida kwa njia hiyo hajabeba mashaka ya mtu yeyote, bali ameyarudisha kwa mkulima kabla lori halijawashwa. Sheria peke yake haijatosha kuikomesha desturi hiyo, na sababu yake si ngumu kueleweka: mkulima mmoja anayeng'ang'ania mizani hurukwa na dalali, ambaye huenda kwa jirani yake, na viazi vilivyokomaa havina subira ya mwenyewe kuendesha mgomo. Hapo ndipo mjasiriamali kwa maana ya Cantillon na Knight anapohitajika. Ni mtu, au kikundi, anayekusanya mazao ya wakulima wengi mahali pamoja, akayapima kwa mizani mbele yao, akayachambua kwa ukubwa na kumuuzia mwenye mgahawa au muuza jumla kwa kilo, huku akihatarisha mtaji wake mwenyewe kwenye dau kwamba wanunuzi wa mjini watakubali kulipia uhakika wa uzito. Akifaulu, huwaachia wakulima bei ya kilo wanayoweza kuilinganisha, jambo ambalo doria za vipimo zimelitafuta kwa miaka mingi.

Historia inaeleza kwa nini watu wa namna hiyo si wengi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara ya jumla iliwekwa mikononi mwa mashirika ya umma. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi vijijini ili kuyapisha ya ushirika. Na mwaka 1983 kukafuata msako wa wahujumu uchumi pamoja na Sheria ya Nguvu Kazi, iliyowaweka wachuuzi wa mijini karibu na wazururaji. Makubaliano ya mwaka 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa yaligeuza mwelekeo, Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 likawaruhusu hata viongozi kumiliki hisa, na mwaka 2003 nchi ikapata sera ya viwanda vidogo na biashara ndogo. Kwa muda usiozidi maisha ya kizazi kimoja, ujasiriamali ulitoka kwenye tuhuma ukaingia kwenye mahubiri, bila kupitia kipindi kirefu cha mafunzo kati ya hayo mawili.

Mwanauchumi Joseph Schumpeter, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1911, aliongeza upande ambao Cantillon hakuukazia, kwamba mjasiriamali ni yule anayeunganisha vitu vilivyokuwapo kwa namna ambayo haikuwapo, iwe kwa bidhaa mpya, njia mpya ya uzalishaji, soko jipya, chanzo kipya cha malighafi au mpangilio mpya wa kazi. Uyole ina mfano wake usio na makelele, nao ni mbegu ya viazi.

Kiazi hupandwa kiazi, na katika sentensi hiyo fupi kuna tatizo kubwa la kibiashara. Hekta moja huhitaji takriban tani 2 za mbegu, na kila kiazi kilichopandwa hurudisha kiasi cha kumi tu, wakati punje ya mahindi hurudisha mamia. Mbegu yenyewe ni nzito, huharibika na ni ghali kuisafirisha, ndiyo maana kampuni kubwa zinazojaza maduka ya pembejeo kwa pakiti za mahindi hazijaikimbilia. Mkulima hubaki kutumia alichovuna mwenyewe. Huuza viazi vikubwa na kutunza vidogo kwa ajili ya kupanda, na kwa kuwa kiazi mara nyingi huwa kidogo kutokana na mmea mama kuwa mgonjwa, mkulima huyo, kwa mikono yake na kwa nia njema kabisa, huchagua ugonjwa kila msimu. Virusi hulimbikizana, mnyauko bakteria husafiri ndani ya kiazi kinachoonekana kizima, na mavuno hupungua polepole kiasi kwamba lawama huangukia udongo.

Kituo cha utafiti cha Uyole, ambacho sasa ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, yaani TARI, kimefanya kazi ya aina bora za viazi, zikiwamo Asante, Meru na Sherekea zilizoidhinishwa mwaka 2012, kama kilivyofanya pia kwa maharage ambayo baadhi yake hubeba jina la Uyole. Hata hivyo, kituo cha utafiti hakikuundwa kiwe duka, na kati ya mbegu ya maabara na shamba la mkulima wa Uporoto kuna pengo ambalo mtafiti hana nafasi ya kulijaza. Anayelijaza ni mzalishaji wa mbegu wa kijijini, ambaye hununua mbegu safi ya awali, huitenga mbali na mashamba ya viazi vya chakula, hung'oa kila mmea wenye dalili za ugonjwa hata kama anauonea uchungu, hukaguliwa na Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania, yaani TOSCI, na kuuza mbegu za daraja la kuazimiwa, ambalo limewekwa kwa ajili ya wazalishaji wadogo wanaouzia wakulima wa eneo lao.

Ghala lake halina gharama ya kutisha. Ni kibanda chenye paa lisilovuja, kuta za wavu unaopitisha hewa na mwanga hafifu, na vichanja vya mbao ambavyo viazi hutandazwa juu yake kwa tabaka moja au mawili. Katika gunia lenye giza kiazi hutoa machipukizi marefu, meupe na dhaifu, ambayo hukatika wakati wa kupanda. Katika mwanga huo hafifu machipukizi huwa mafupi, manene na ya kijani, nacho kiazi huota kwa nguvu moja. Mbao, wavu na kiazi vyote vilikuwapo kijijini. Kilichokosekana ni mtu wa kuviunganisha, kisha kuwashawishi majirani walipie kitu ambacho siku zote wamekitoa kwenye stoo zao.

Swali linalobaki ni la fedha, na pengine ndilo linaloeleza vizuri kuliko hotuba zote kwa nini magenge ni mengi na wazalishaji wa mbegu ni wachache. Viazi hukaa ardhini miezi mitatu hadi minne, na mbegu huhitaji miezi mingine miwili au mitatu kabla ya kuchipua vya kutosha kupandwa, hivyo mwenye biashara hiyo hukaa nusu mwaka au zaidi bila kuingiza shilingi. Mikopo ya mitaani ambayo watu huiita kausha damu hudai rejesho kila wiki au hata kila siku, na VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo vina nidhamu na huruma zaidi, navyo huzungusha fedha kwa miezi michache ili kila mwanachama apate zamu. Mikopo ya namna hiyo humfaa anayenunua nyanya asubuhi na kuziuza jioni. Kwa maneno mengine, ratiba ya marejesho ndiyo inayowachagulia watu biashara, kisha semina huwalaumu kwa kukosa ubunifu.

Mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo wanawake hutengewa 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2, hautozi riba, ulisimamishwa mwaka 2023 na ukarejeshwa mwaka uliofuata. Unabaki kuwa mmoja kati ya michache inayoweza kufuata msimu wa zao. Kwa kikundi cha vijana waliohitimu Chuo cha Kilimo Uyole, ambao tayari wanautambua mnyauko bakteria kwa kukata shina na kulitumbukiza kwenye glasi ya maji, rejesho la kwanza likipangwa baada ya mbegu kuuzwa litatosha kuwafanya waanze na vichanja badala ya genge.