Wizi wa Kufungua Kilichofungwa (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye wizi wa kawaida, ambao Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaupa kifungo kisichozidi miaka 7 katika kifungu cha 265 (nafuata namba za toleo la 2022). Kifungu cha 269 kinataja mazingira yanayoipandisha adhabu hiyo hadi miaka 10, na mojawapo ni pale mwizi anapofungua chumba, sanduku au chombo kingine kilichofungwa, kwa ufunguo au kifaa kingine, ili aibe. Sheria imesema kufungua, haikusema kuvunja. Katika mji kama Karatu, ambako wageni wa Ngorongoro hulala na kuacha mizigo yao vyumbani, tofauti hiyo si ndogo. Anayefungua sanduku la mgeni kwa ufunguo wa akiba na kuchomoa dola bila kuacha alama yoyote yumo ndani ya kifungu hiki sawasawa na aliyekata kufuli kwa msumeno. Utetezi wa “mbona sikuharibu kitu” haumfikishi mbali.

Kwa nini kufuli liongeze miaka mitatu? Aliyekuta simu mezani huenda alizidiwa na tamaa ya dakika moja. Aliyekuja na bisibisi alishaamua kabla hajafika. Kwa mwenye mali asiyekuwepo, kufuli ndilo katazo lake. Kanuni ya Adhabu ya India, iliyotumika Tanganyika tangu 1920, ililifanya tendo hilo kuwa kosa la peke yake: kifungu cha 461 kilimpa hadi miaka 2 aliyefungua chombo kwa nia ovu, hata asipotoa kitu, na cha 462 hadi miaka 3 kama ndiye aliyekabidhiwa chombo hicho. Kanuni ya mwaka 1930, ambayo asili yake ni Queensland, Australia, ikaliunganisha tendo hilo na wizi wenyewe. Naona waliotunga walipima vizuri zaidi, maana kinachoumiza ni kufungua na kuiba kwa pamoja.

Wapo watakaosema miaka 10 kwa kufungua sanduku la sadaka kanisani na kuiba shilingi elfu ishirini ni ukatili. Lakini huo ni ukomo wa juu, na hakimu ana nafasi ya kushuka chini yake kwa kadiri ya mazingira. Pingamizi lenye nguvu ni jingine. Mtu akibeba sanduku la sadaka zima-zima, akalipasulie kwake, anashtakiwa kwa lipi? Kwa kifungu cha 258, kitu huhesabiwa kimechukuliwa kinaposogezwa, na fedha zilisogea pamoja na sanduku. Wizi ulikamilika kabla kufuli halijaguswa. Alipolifungua hakuwa anaiba tena, alikuwa anahesabu. Ukisoma maneno yalivyo, huyu anabaki kwenye miaka 7, na mwenzake aliyehangaika na kufuli palepale kanisani anakabiliwa na 10. Jambo hilo halina haki, ila dawa yake iko bungeni. Hakimu hana ruhusa ya kuyavuta maneno ya sheria ili yamfikie mshtakiwa. Na mfano wa kurekebisha upo ndani ya kifungu hichohicho: mzigo ulio safarini, tuseme magunia ya vitunguu kwenye lori litokalo Mang'ola, unalindwa kwa miaka 10 bila kuulizwa kama ulifungwa au la.

Yote hayo hayana maana kama upande wa mashtaka hauwezi kuthibitisha kwamba chombo kilikuwa kimefungwa. Wengi wakishaibiwa hununua kufuli jipya jioni ileile na kulitupa la zamani, na kielelezo kinapotea. Ukiibiwa, usiliguse kufuli wala sanduku mpaka polisi waje, kisha hakikisha vitu hivyo vimeandikwa kwenye hati ya ukamataji. Wiki ijayo tutaingia kwenye hema, ambalo kifungu cha 294 kinalihesabu pamoja na nyumba iwapo mtu analala humo.