SI KILA MESOTELIOMA NI SARATANI
Maelezo kwa watumishi wa Serikali na wananchi

Miongoni mwa majina ya maradhi yanayotia khofu ni mesotelioma. Aghalabu jina hili hutajwa pamoja na madini ya asbesto, na anayelisikia huona kwamba hukumu imekwisha kupita. Hata hivyo, ipo aina adimu ya maradhi yenye jina hilo ambayo kwa kawaida si saratani. Mgonjwa anayelisoma jina hili katika karatasi ya maabara bila ya kuelezwa anaweza kukosea kwa njia mbili: kukata tamaa na kukimbia matibabu, au, akishaambiwa kuwa si saratani, kuacha kabisa kurudi hospitali. Makosa yote mawili yana madhara.

ASILI YA JINA
Ndani ya mwili wa binaadamu umo utando mwembamba wenye utelezi unaofunika mapafu, moyo na viungo vya tumboni. Kazi yake ni kuviwezesha viungo hivyo kusogea bila ya kusuguana. Kwa muda mrefu uvimbe utokanao na seli za utando huo uliitwa mesotelioma, uwe wa kuua au usiwe wa kuua. Hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia.

Aina inayojulikana zaidi ni saratani. Mwaka 1960 Dk. Wagner na wenzake wa Afrika Kusini walichapisha taarifa za wagonjwa 33 wa saratani ya utando wa mapafu, ambao wengi wao waliwahi kuishi au kufanya kazi katika eneo la machimbo ya asbesto huko Cape. Nyuzi za asbesto huingia mwilini kwa kuvutwa na pumzi, na maradhi huweza kudhihiri baada ya miaka 20, 40 au zaidi.

AINA YA VIFUKO VINGI
Aina inayokusudiwa hapa huitwa mesotelioma ya vifuko vingi, na ilielezwa mwaka 1979 na wataalamu Mennemeyer na Smith. Hii huota katika utando wa tumbo, hasa sehemu ya nyonga, mfano wa vifuko vyembamba vya maji vilivyoshikana kama kichala cha zabibu. Wengi wanaopatwa nayo ni wanawake wa umri wa kuzaa, ingawa wanaume nao huipata mara chache. Haikuthibitika kuwa inaletwa na asbesto. Aghalabu mgonjwa huwa amewahi kupasuliwa tumbo, kuugua maambukizi ya nyonga, au kuwa na maradhi ya nyama za ndani ya kizazi kuota nje ya kizazi. Kwa sababu hiyo wapo wataalamu wanaoona kwamba si uvimbe hasa, bali ni namna utando unavyojibu baada ya kuumizwa.

DALILI NA UCHUNGUZI
Dalili zake ni maumivu ya chini ya tumbo, tumbo kujaa, au uvimbe unaohisika kwa kupapasa. Wengine hawana dalili yoyote, na vifuko hugunduliwa wakati wa upasuaji wa jambo jengine. Ifahamike kwamba picha ya altrasaundi peke yake haitoshi, kwani vifuko hivi hufanana na uvimbe wa maji wa ovari, na pengine na saratani ya ovari. Kauli ya mwisho hutolewa baada ya kipande cha nyama kuangaliwa kwa hadubini na mtaalamu wa patholojia.

MATIBABU
Tiba iliyozoeleka ni kuviondoa vifuko vyote kwa upasuaji kadiri inavyowezekana. Kwa asiye na dalili, daktari anaweza kuamua kumwangalia tu kwa muda. Baada ya upasuaji, vifuko hurudi kwa takriban nusu ya wagonjwa, wakati mwengine baada ya kupita miaka. Kugeuka saratani ni nadra mno, lakini kumewahi kuandikwa. Kwa hivyo, kuambiwa "si saratani" si ruhusa ya kuacha kuhudhuria kliniki.

Ipo pia aina nyengine adimu, yenye umbo la vinyuzi mfano wa vidole, ambayo nayo kwa kawaida hukua polepole. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliacha kuiita aina hiyo mesotelioma, ikaitwa uvimbe tu, ili isichanganywe na saratani. Hii ni dalili tosha kwamba hata mabingwa wameona uzito wa jina.

MAMBO YA KUZINGATIA
(a) Mgonjwa amwulize daktari jina kamili la uvimbe wake, na kama umekwisha kuchunguzwa kwa hadubini.
(b) Karatasi ya majibu ya maabara ihifadhiwe vyema, kwani itahitajika hata baada ya miaka kumi.
(c) Mwanamke anayetaraji kupata watoto aseme hivyo kabla ya kupasuliwa, ili daktari azingatie usalama wa ovari zake.
(d) Wakuu wa sehemu za kazi wanaombwa kumpa nafasi mtumishi mwenye siku ya kuhudhuria kliniki, hata akionekana mzima.
(e) Kutohusika kwa asbesto na aina hii kusichukuliwe kuwa asbesto ni salama. Mabati ya zamani ya asbesto yasikatwe kwa msumeno, yasivunjwe wala yasisagwe.

Wananchi wanakumbushwa kwamba jina la maradhi si hukumu. Mwenye uvimbe wa tumbo asiharakishe kujililia, wala asikae nyumbani akingoja upungue wenyewe. Aende hospitali akachunguzwe, na akishatibiwa arudi kila siku anayopangiwa.