Furukombe Hawawindi kwa Mtindo Mmoja

Katika mikoko ya maingilio ya Mto Ruvuma, mkoani Mtwara, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 2000, furukombe, yaani tai mla samaki mwenye kichwa cheupe, hufahamika kama mwindaji wa kungojea, ambaye hutua juu ya mti ulio kando ya maji, akakodoa macho kwa muda mrefu, kisha akashuka ghafla akitanguliza makucha, huku vipele vikali vya nyayoni vikimzuia samaki asiteleze.

Maelezo hayo ni ya kweli, ila yanaficha mengi. Kinda aliyekwisha kuruka huendelea kulishwa na wazazi akijifunza kulenga, na jike, kwa kuwa ni mkubwa kuliko dume, huweza kubeba windo zito zaidi. Kinachovutia kuliko umri na jinsia ni mazoea: wapo wanaowapora ndege wengine samaki waliokwisha kuvuliwa, mbinu ambayo, ijapokuwa haina heshima machoni pa binadamu, hupunguza jasho, na kwenye Ziwa Bogoria nchini Kenya, ambalo magadi yake hayavumiliwi na samaki, furukombe huwavamia heroe, wakilitawanya kundi zima kabla ya kumkamata mmoja.