Kikapu cha Familia Isiyo na Gari



Tukizungumzia lishe bora, mara nyingi tunataja vyakula vinavyofaa bila kujiuliza vitafikaje nyumbani. Familia nyingi za parokia zetu za Kilosa na Mikumi hazina gari wala jokofu. Chakula hubebwa kichwani, kwa baiskeli au kwa bodaboda. Basi tunanunua kidogo kidogo kila jioni: nusu kilo ya unga, mafuta ya kupima, fungu la dagaa. Vipimo vidogo huwa ghali. Kabla mwezi haujaisha fedha zimekwisha, na watoto wanakula ugali kwa chumvi.

Mtoto aliye chini ya miaka miwili akikosa mboga, kunde na samaki kwa muda mrefu, hudumaa mwili na hata akili. Kwa hiyo namna ya kununua chakula nayo ni suala la afya. Tunapendekeza kanuni moja rahisi: vizito na vikavu mara moja kwa mwezi, vibichi kidogo kidogo na karibu na nyumbani.

1. Vizito tununue pamoja

Familia inayokula kilo 2 za unga kwa siku inahitaji kilo 60 kwa mwezi. Mzigo huo hauwezi kubebwa kichwani. Lakini familia tatu au nne za jumuiya moja zikichanga fedha, zinaweza kununua magunia ya mahindi na debe la maharage, kisha kukodi mkokoteni au bajaji mara moja. Nauli inagawanywa. Wakati mzuri ni baada ya mavuno, bei ikiwa chini. Dai mzani, usikubali kukadiriwa kwa macho.

Kina baba, msione haya kubeba. Mama mjamzito au aliyejifungua karibuni asibebeshwe mzigo mzito.

2. Tuangalie kabla ya kulipa

Mahindi na karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi, tusinunue hata zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Huenda zina sumukuvu, sumu inayoharibu ini, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo. Hata punje zinazoonekana safi zinaweza kuwa nayo. Kwa hiyo nunua zilizokauka vizuri, ukizing'ata zinalia ka! Nyumbani zianike kwenye turubai, si juu ya udongo, kisha gunia likae juu ya chaga, mbali na ukuta.

Dagaa wazuri wanang'aa na hawana harufu ya kuvunda. Ni nyama ya mtu asiye na jokofu: wanakaa kwa muda mrefu, na tukiwala pamoja na mifupa tunapata madini ya kuimarisha mifupa yetu. Chumvi iwe yenye madini joto, ihifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko.

3. Mpangilio wa siku ya soko

Andika mahitaji kabla ya kutoka; njaa na macho hununua visivyohitajika. Anza na vitu vikavu, fuata mboga na matunda, maliza na nyama au samaki wabichi, kisha nenda nyumbani moja kwa moja. Nyama ipikwe siku ileile. Kikapu cha ukili kinafaa, kwani kinapitisha hewa, na mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Nyama iwe kwenye chombo chake, isidondoshee damu mboga zitakazoliwa mbichi. Kwenye bodaboda tusifunge unga pamoja na mafuta ya taa au dawa za shambani. Watu wamekufa kwa uzembe huo.

4. Mboga ziwe mlangoni

Mchicha unachumwa baada ya wiki tatu au nne tu. Magunia mawili yenye udongo na samadi, yakimwagiwa maji yaliyooshea vyombo bila sabuni, yanatosha kwa mchicha na matembele. Mbegu ni bei ndogo kuliko nauli. Fedha inayobaki inunue mayai ya mtoto.

5. Tukumbuke masika

Wakazi wa Kilosa hawajasahau mafuriko ya Mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyoharibu nyumba na reli. Barabara zikikatika, bei hupanda. Kabla ya mvua kubwa tuwe na akiba ya mahindi, kunde, dagaa na chumvi, iliyowekwa juu. Chakula kilicholowa maji ya mafuriko kitupwe, hata kama moyo unauma, maana maji hayo hubeba uchafu wa vyoo na vijidudu vya kipindupindu.

Ndugu wapendwa, katika Baba Yetu tunaomba mkate wa kila siku, tena tunauomba kwa ajili yetu sote. Wiki hii, baada ya sala ya jumuiya, kaeni dakika kumi mpange mnunue nini pamoja. Anzeni na gunia moja. Na mjane au mgonjwa asiye na cha kuchangia asisahauliwe. Kisado kimoja kutoka kila nyumba kinamtosha.

Tuonane toleo lijalo, Mungu akipenda.