Tupige Hodi Kabla ya Kupiga Picha

Kwa muda mrefu sasa magazeti yetu, nasi tukiwa miongoni mwao, yamekuwa yakiizungumzia simujanja kwa ndimi mbili. Katika ukurasa wa matangazo simu hiyo ni nuru ya maendeleo, na kijana mwenye tabasamu hutuahidi dunia nzima kiganjani. Ukigeuza ukurasa, simu ile ile imekwisha kuwa shetani: imevunja ndoa, imepoteza watoto, imezagaza uwongo. Oktoba 2019, Mkuu wa Mkoa wa Mbeya alipowachapa viboko wanafunzi wa Shule ya Sekondari Kiwanja, wilayani Chunya, waliotuhumiwa kumiliki simu na kuchoma mabweni, habari hiyo ilijaa kurasani na watu wakabishana juu ya fimbo. Wachache waliuliza ni nani aliyepata kuwafundisha vijana wale namna ya kuishi na simu.

Leo hatuna budi kusema neno lisilotupendeza sisi wenyewe. Mengi ya mabaya tunayoilaumu simu, simu iliyajifunza kwetu. Ushahidi tumeuona Kabanga.

Msomaji wa Unguja au Pemba huenda akauliza Kabanga iko wapi. Iko Kasulu, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, upande wa kuelekea Burundi. Kuna hospitali ya misheni na chuo cha ualimu, na kuna shule ya msingi iliyokuwa ikipokea watoto wenye ulemavu. Kuanzia miaka ya 2008 na 2009, watu wenye ualbino walipokuwa wakiwindwa na kuuawa kwa ajili ya imani za kishirikina, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, shule hiyo iligeuka kimbilio. Watoto waliletwa huko na jamaa zao au na viongozi, wengine wakiwa wadogo mno kuelewa kwa nini wanaachwa mbali na mama zao.

Haki yataka tuseme kwamba katika msiba ule wanahabari walifanya kazi ya kishujaa. Mwaka 2008 Vicky Ntetema, aliyekuwa mwandishi wa BBC, aliwaendea waganga kwa siri na kuifichua biashara ya viungo vya binadamu, ikambidi naye ajifiche kwa vitisho alivyopata. Aidha, magazeti yalibadili lugha. Neno "zeruzeru", lililozoeleka vinywani mwetu, liliondolewa pole pole kurasani, na badala yake likaja "mtu mwenye ualbino", yaani mtu kwanza, ngozi baadaye. Leo hata mtoto wa shule hulisema neno hilo. Basi na asije mtu akatuambia kwamba gazeti halina nguvu ya kujenga tabia ya jamii.

Lakini mkono ule ule ulioandika lugha ya heshima ulipiga picha zisizo na heshima. Wapiga picha wa humu nchini na wa ng'ambo walimiminika Kabanga, na nyuso za watoto wale zikaenea katika magazeti ya dunia, jina la mahali likiwa limeandikwa chini yake. Nia ilikuwa njema. Walitaka kuamsha huruma. Hata hivyo, mtoto aliyefichwa ili asionekane alionyeshwa kwa kila mwenye macho.

Nasi hatukuwa bora kuliko wengine. Tulipopita sokoni Kabanga tulimwona mama akiuza maharage, mwanawe mwenye ualbino akiwa mgongoni. Mwenzetu mmoja aliinua simu. Yule mama hakusema neno. Aliuvuta upande wa kitenge chake akamfunika mtoto uso. Mzee mmoja aliyekuwa jirani akatuambia kwa upole: "Wageni wetu, hata 'mwakeye' hamna?" Hiyo ni salamu ya Kiha, na Waha wanasifika kwa salamu ndefu zisizo na haraka. Sisi tuliosoma chuoni kwa ubao, kabla ya kuingia shule ya Serikali, tulifundishwa mapema kwamba nyumba isiyo yako huingii mpaka upige hodi, utoe salamu na uitikiwe. Siku ile tuliuingia uso wa mtoto wa watu bila hodi. Simu ya mwenzetu ilirudia tu yale ambayo kamera ya gazeti imeyafanya kwa miaka mingi.

Tofauti ni kwamba kamera ya gazeti ilikuwa moja, na simu sasa ni mamilioni. Zamani picha ilipita mbele ya mhariri, naye aliweza kuizuia. Leo inaruka kutoka Kasulu hadi Chake Chake kabla mpigaji hajaondoka sokoni, na hakuna awezaye kuiita irudi. Uso, jina na kijiji vikikutana katika picha moja, mwindaji hana haja ya kuuliza njia.

Je, tumeshindwa kufundisha? Hapana. Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozifungia simu bandia, magazeti yalichapisha namba *#06# mpaka watu wakaijua kwa moyo. Tangu Mei 2019 hadi Januari 2020 tulihimizana kusajili laini kwa alama za vidole, na foleni zikajaa. Tumefundishwa namna ya kuithibitisha simu na kuisajili laini. Namna ya kuulinda uso wa binadamu mwenzetu tumeachiwa kila mtu na busara yake. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu karibu milioni mbili walikaa katika vikundi vyao, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakutukanwa kwa kukosa vyoo. Walieleweshwa, wakatenda.

Kwa hiyo twaanza na nyumba yetu. Gazeti lisichapishe uso wa mtoto aliye hatarini, wala maiti, hata kama picha hiyo imekwisha enea simuni. Ninyi wa Visiwani mliofiwa na jamaa katika ajali ya Spice Islander karibu na Nungwi, tarehe 10 Septemba 2011, hamhitaji kuelezwa uzito wa picha ya marehemu kwa mtu aliyefiwa.

Kwa viongozi wa Serikali tuna ombi moja. Mnapokwenda kukabidhi sukari, sabuni au magodoro kwa watoto wa kituo, mpige picha magunia, mkitaka, lakini mwacheni mtoto apokee bila kuwekwa mstarini mbele ya simu kumi. Na kwetu sisi waumini, Ramadhani inapofika na futari kugawiwa, tukumbuke tuliyofundishwa kuhusu sadaka ya siri. Mjane aliyepewa kilo mbili za unga hakuuza uso wake kwa unga huo. Sheria ya Mtoto ya 2009 ya Tanzania Bara na ile ya Zanzibar ya 2011 zimekwisha kuweka misingi. Kilichobaki ni mazoea, na mazoea huanza kwa wakubwa.

Simu imekuja na haiondoki. Humwita daktari, hutuma ada ya mwanafunzi, huunganisha baba aliye Mkokotoni na mwana aliye Kibondo. Hatuna sababu ya kuiogopa wala ya kuiabudu. Inatosha tuifundishe adabu tuliyofundishwa sisi: ibishe hodi, isubiri kuitikiwa, na ikinyimwa ruhusa irudi mfukoni. Yule mama wa Kabanga alitujibu kwa upande wa kitenge. Yafaa tuwe tumemwelewa.